BRELA au Delaware?
Mwenzangu nami tulipoamua kuigeuza programu yetu ya kuwaunganisha wavuvi na wanunuzi wa samaki kuwa kampuni, kilichotuchelewesha zaidi ni mahali pa kuisajili. Wateja wetu wote wako Dar es Salaam, na BRELA, wakala wa serikali ya Tanzania wa usajili wa biashara, husajili kampuni kwa mtandao. Hata hivyo, wawekezaji wa Marekani tuliozungumza nao walipendelea Delaware, jimbo la nchini mwao ambako mahakama ya Chancery ina majaji waliobobea katika migogoro ya kampuni.

Nilikaribia kukubali, mpaka niliposoma kanuni za kodi ya mwaka ya jimbo hilo. Kampuni iliyoidhinishiwa hisa 10,000,000, idadi ya kawaida kwa kampuni changa za huko, hudaiwa dola 85,165 ikikokotolewa kwa idadi ya hisa peke yake, ilhali ikikokotolewa kwa kuzingatia mali yake na hisa zilizokwisha kutolewa, inaweza kulipa dola 400 tu. Fikiria mtu anayepokea dai la kwanza bila kujua kwamba njia ya pili ipo! Tena usajili wa Delaware haukutoi mikononi mwa TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, kwa kuwa kampuni inayosimamiwa na kuendeshwa kutoka Tanzania huhesabiwa kuwa mkazi wa Tanzania kwa kodi ya mapato.

Tumesajili hapa nyumbani, na mgawanyo wa hisa tumeuandika kabla ya shilingi ya kwanza kuingia. Mwekezaji akitia fedha kwa sharti la Delaware, ndipo tutakapounda huko kampuni mama ya kuimiliki hii, baada ya kumwona mshauri wa kodi kuhusu uhamishaji wa hisa.