Bosi ndani ya koti la studio

Nyuma ya mlango wa studio yangu hapa Nkuhungu kuna koti jeusi la suti. Ni la wateja wa paspoti saizi. Waombaji wa ajira serikalini wamelivaa mpaka kola inang'aa. Jumamosi nikamvalisha Bosi, mbwa wangu.

Aliyenichokoza ni William Wegman, msanii wa Marekani. Mwaka 1970 alipata mbwa wa kijivu aina ya Weimaraner, akamwita Man Ray, akawa anampiga picha na kumrekodi video. Baadaye akatumia kamera kubwa ya Polaroid inayotoa picha ya inchi 20 kwa 24. Man Ray alikufa mwaka 1982, kisha akaja mbwa mwingine, Fay Ray, na watoto wake. Watu wengi husifia zile nguo anazowavalisha. Mimi naona uso. Mbwa wake hachekeshi kabisa; katulia kama mtu anayesubiri kuitwa kwenye usaili.

Bosi ni koko, rangi yake na vumbi la Dodoma huwezi kuzitenganisha. Kwenye stuli alidumu sekunde nne hivi. Nikashika kipande cha utumbo juu ya lenzi: macho yakaganda, sikio moja likasimama, lingine likagoma. Nikabofya. Pazia la bluu nyuma, kifungo kimoja kimefungwa.

Muuza chipsi wa jirani akachungulia. "Kaka, na huyo anaomba ajira?"

Koti nimelifua mara mbili. Jana mteja kalivaa, akapiga chafya tatu mfululizo. Nikamwambia anyanyue kidevu kidogo.