Babu wa kitanda cha dirishani

Nimetoka zamu ya usiku wodini, nimeoga, usingizi haujaja. Acha niandike.

Msimu wa salfa umefika huku Mtwara. Ukipita njia ya Tandahimba asubuhi unaona vumbi la njano limetanda juu ya mikorosho, mashine zinanguruma. Dawa ile ndiyo inayookoa maua yasiharibiwe na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, na ada za shule zinatoka humo humo, kwa hiyo mkulima simlaumu. Lakini unga wake unawasha koo na njia za hewa, na mwenye kifua kibovu haukawii kumbana. Wengi hupulizia wakiwa wamejifunga kitambaa tu.

Jana usiku aliletwa babu mmoja, mpuliziaji wa miaka mingi, na sigara kavuta sana. Alipewa dawa ya mvuke, akawekewa oksijeni kwa kipimo, ile ya damuni ibaki kati ya asilimia 88 na 92, kwa sababu mwenye ugonjwa sugu wa mapafu kama yeye akizidishiwa, hewa chafu inaweza kumjaa kwenye damu. Bado mabega yalikuwa yamepanda masikioni, mishipa ya shingo imemtoka.

Nikamwambia, "Babu, vuta pumzi, vuta sana." Akavuta, akazidi kubanwa.

Kosa hilo nimelifanya mara nyingi na linaniuma. Mapafu ya namna ile yamejaa hewa iliyokwisha kazi. Vijia vidogo vinajifunga kabla haijatoka, sasa mpya ipite wapi? Ni daladala iliyojaa: hapandi mtu mpaka ashuke mtu.

Nikaanza upya. Nikamkalisha ukingoni mwa kitanda, mto juu ya meza, viwiko juu ya mto. Nikaweka kiganja changu tumboni kwake. Avute kwa pua taratibu, moja, mbili. Kisha abane midomo kama anayetaka kupiga mluzi, atoe hadi nne, bila kusukuma. Midomo ikibanwa hivyo, hewa inayotoka inavizuia vile vijia visijifunge mapema.

"Puliza kama una kibatari mbele yako, babu. Moto uiname, usizimike."

Akaniangalia. "Kupuliza ndiyo kazi yangu, mjukuu wangu."

Mara ya kwanza mashavu yalivimba, pumzi ikaisha kwa kishindo. Ya tano au ya sita, nikaona mdomo umetulia. Mabega yakashuka kidogo kidogo, na tumbo likaanza kusukuma kiganja changu. Kipimo cha kidoleni kilitoka 86 kikafika 90, naye akaweza kusema sentensi nzima bila kukatika.

Ilichukua kama dakika ishirini. Tulikuwa wauguzi wawili wodi nzima, na kitanda cha pili kilikuwa kinaniita. Kwenye faili dawa ina nafasi yake, oksijeni ina nafasi yake. Hili la kupuliza nililiandika pembeni kwa kalamu, ili wa asubuhi aliendeleze. Kwangu mimi ni tiba, si maliwazo, na lilistahili mstari wake.

Leo jioni narudi. Makohozi bado yamemkaa kifuani, kwa hiyo nitamfundisha kuyatoa kwa "haa" fupi, mdomo wazi, kama mtu anayepumulia kioo cha miwani kabla ya kukifuta. Na mkewe akija na uji nitamwomba akae naye pale ukingoni, ajifunze kumhesabia.