Siku yangu ya kuuliza watu msongo wa mawazo, Mtwara

Saa 12 asubuhi. Kishikwambi kimejaa chaji, fomu za ridhaa nimezifunga kwenye nailoni kwa ajili ya vumbi. Tunashika barabara ya Newala, tunapita Nanguruwe. Ni Agosti, mikorosho inapuliziwa salfa. Harufu inatufikia kabla ya shamba lenyewe.

Saa 2. Kwa mtendaji wa kijiji: barua ya kibali, muhuri, salamu ndefu.

Saa 3. Bibi anabangua korosho barazani. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, kaa mkekani." Naanza na kipimo cha msongo walichotunga Sheldon Cohen na wenzake, Marekani, mwaka 1983. Tunatumia kile cha maswali 10, yote kuhusu mwezi uliopita: ni mara ngapi mambo yamekuelemea, ni mara ngapi yamekwenda unavyotaka. Kila jibu lina alama 0 hadi 4. Maswali manne yanauliza mazuri, kwa hiyo alama zake zinageuzwa kabla ya kujumlisha. Juu kabisa ni 40.

Alama za bibi ziko juu, wala sishangai. Mwezi uliopita ulikuwa wa kununua dawa ya mikorosho, si wa kupokea hela. Minada ya korosho haianzi mpaka Oktoba. Ukimuuliza Novemba, huenda ukadhani umebadilishiwa mtu.

Saa 5. Nyumba ya pili, dodoso la pili, la Charles Carver, la mwaka 1997. Hili haliulizi umeelemewa kiasi gani, linauliza unafanya nini ukielemewa. Maswali 28, mawilimawili kwa njia 14: kupanga, kusali, kukana, kujilaumu, kuomba msaada, kufanya mzaha na nyinginezo. Hapa ndipo kazi inaponoga. Mama mwenye nyumba amefiwa karibuni. Nikafika kwenye mzaha, akatabasamu: "Mwanangu, msibani watani ndio wanaochekesha. Sisi wafiwa tunakaa tu." Sasa niandike nini? Mzaha umefanyika na umemsaidia, ila hakuufanya yeye. Nimempa 1, ya chini kabisa, na maelezo marefu pembeni.

Jirani naye alikuwa amekuja kukaa nasi. Kujilaumu? "Hapana kabisa," haraka. Nikaomba tuhamie uani, nikarudia. Majibu yakawa mengine.

Saa 7. Ming'oko, mizizi ya porini ya kuchemsha, na chai ya rangi. Sina la kuongeza, ila ilikuwa tamu.

Saa 8. Mzee mmoja, dodoso lilelile la Carver, swali la pombe. "Na uraka nao unahesabiwa?" Uraka ni pombe ya mabibo, yale matunda ya mkorosho. Unahesabiwa, mzee wangu. "Basi rudi mabibo yakiiva, sasa hivi utaandika sifuri bure." Sifuri haimo humo, chaguo zinaanzia 1, lakini hoja yake nimeipata vizuri.

Saa 11 jioni. Mjini, data zimekwenda. Msimamizi anapiga simu, anataka alama moja ya jumla ya kukabiliana na msongo kwa kila kijiji. Nimemkatalia. Cha Cohen tunajumlisha. Cha Carver kila njia inasomwa peke yake, na ndivyo mwenyewe anavyoelekeza. Ukizichanganya, anayepanga na kusali anaweza kulingana na anayekunywa na kujilaumu. Amekubali safu 14, huku akilalamikia upana wa jedwali.

Nimemwomba pia turudi Novemba kwa watu walewale. Kasema nimletee bajeti kesho asubuhi, kwa hiyo usiku huu naandika nauli na posho.