Plaki ambazo hazijawahi kufungwa kwenye gari

Huku Bukavu, Kongo, tunasema plaki. Kwingine mnaita kibao cha namba. Ukutani kwangu zipo 26, na 25 kati yake hazijawahi kufungwa kwenye gari lolote.

Nilianza vibaya. Nilikuwa nazunguka kwenye magaraji ya Kadutu, naokota plaki za magari yaliyokufa, au nanunua kwa fundi kwa bei ya kipande cha sabuni. Siku moja askari akanisimamisha nikiwa na tatu kwenye mfuko. Nilikaa kituoni hadi jioni nikijieleza. Alikuwa na haki ya kunishuku: plaki mikononi mwa mtu asiye na gari wala karte roze, yaani hati ya usajili wa gari, ndiyo inayomsaidia mwizi kuuza gari la watu. Baba mdogo, aliyeendesha lori miaka mingi kati ya hapa na Uvira, akaniambia, "Mtoto wangu, rudisha hivyo vyuma." Nikavirudisha vyote.

Kilichoniokoa ni kujua kwamba kuna plaki za mfano. Marekani kila jimbo lina plaki yake, na sura yake hubadilika mara kwa mara. Basi wenye mamlaka hugonga chache zenye neno SAMPLE au sifuri tupu, wakazituma kwa polisi wa majimbo mengine wajue plaki halali inavyofanana. Nyingine hupewa au huuziwa wakusanyaji, kwa kuwa hakuna gari linaloweza kutembea nazo. Kumbe ningeweza kukusanya bila kumtia mtu wasiwasi!

Ukishaingia humo, historia inakuvuta yenyewe. Polisi wa Paris waliagiza magari yawe na vibao mwaka 1893. New York ilifuata mwaka 1901, lakini mwenye gari alijitengenezea mwenyewe, akiandika herufi za kwanza za majina yake. Massachusetts ndiyo jimbo la kwanza kugawa plaki zake lenyewe, mwaka 1903: chuma kilichopakwa enameli, kama zile sahani za bibi zetu. Ninayoipenda kuliko zote sinayo bado. Wakati wa vita, mwaka 1943, chuma kilikuwa adimu, na jimbo la Illinois likatengeneza plaki za ubao uliochanganywa na soya. Mifugo ilizitafuna! Sisi tuliokua kwa uji wa soya tunaielewa ile mifugo.

Wakusanyaji wa Marekani wana chama chao tangu 1954. Mmoja wao nilimpata kwa simu, akataka noti za zamani za Zaire. Sokoni kwetu noti ya zaire 5,000,000 ya mwaka 1992 bado unaipata kwa wazee. Nikatuma tano, yeye akatuma plaki mbili kwa dada yangu Kamembe, Rwanda, ng'ambo ya mto Ruzizi.

Mpakani mzigo ukafunguliwa. Yule mama wa forodha aliishika plaki ya kwanza, akaipitisha ukucha juu ya zile sifuri zilizoinuka, kisha akachungulia matundu ya skrubu. Nikamwonyesha: "Mama, tazama, hakuna kutu." Plaki iliyotumika huwa na duara la kutu kuzunguka kila tundu, pale skrubu ilipokaza. Hii ilikuwa safi kama sahani mpya. Akacheka, akaandika kwenye daftari "vyuma vya mapambo", nikalipa kidogo nikapita.

Sasa nazitunza hivi: maji ya uvuguvugu na sabuni, kitambaa laini, basi. Waya wa kusugulia sufuria usiuguse kabisa, unatoa ile ngozi inayong'aa usiku. Za chuma nazipaka mafuta kidogo, maana unyevu wa ziwa hauna huruma.

Hata magari yanayopita barabarani sasa nayasoma. Burundi bado ina alama ya kimataifa ya RU, iliyobaki kutoka Ruanda-Urundi ya Wabelgiji, huku Rwanda ikiwa RWA. Sisi tulikuwa CB, Kongo ya Wabelgiji, baadaye ZRE ya Zaire, leo CGO ya Kongo.

Plaki ya 26 aliileta baba mdogo mwenyewe mwaka jana, imefungwa kwenye gazeti: ya Land Rover yake ya enzi za Zaire, pamoja na karte roze iliyochakaa. Matundu yote yamezungukwa na kutu. Nilitaka kuitundika juu kabisa, akakataa. "Iweke chini kidogo," akasema, "niweze kuigusa nikiwa nimekaa."