Shingo Iliyopinda Saa Nane Usiku

Mwaka 2011 nilikuwa zamu ya usiku kwenye wodi ya wanaume, hospitali moja ya wilaya kusini mwa Tanzania. Tulikuwa wauguzi wawili: mimi niliyetoka chuoni mwaka uleule, na mwenzangu tuliyemwita Bibi kwa heshima, maana alibakiza miezi tu astaafu. Saa nane usiku mama mmoja aliyekuwa akimuuguza mwanawe wa miaka 19 alitujia mbio. "Sista, njooni, jini limepanda tena. Safari hii linamnyonga."

Tulimkuta kijana kalala ubavu, shingo imepindia bega la kushoto, macho yamegeukia juu hadi mboni hazionekani, ulimi nje, mate yanamtiririka. Nikajua ni degedege. Nikavuta diazepam, dawa ya kutuliza degedege, 10 mg kwenye bomba la sindano. Bibi akanishika mkono. "Weka chini hiyo. Mwite jina lake."

Nikamwita. Kusema hakuweza, lakini nilipomwambia abane vidole vyangu, alibana. Aliyeshikwa na degedege la mwili mzima habani vidole kwa kuambiwa. Bibi akampima joto: 36.8. Hapo shaka ya homa ya uti wa mgongo ikapungua. Akapiga kofi moja kali karibu na sikio lake. Misuli haikukaza zaidi, na mwilini hakuwa na kidonda, basi pepopunda nayo haikuelekea. Kisha akainama kusikiliza koo kama kuna mkoromo pumzi inapoingia. Hiyo ndiyo hatari yenyewe, kwa sababu mkazo wa misuli kama huu ukishika koo, mgonjwa anaweza kukosa hewa huku fahamu anazo. Haukuwepo.

Chati ya wodi ilionyesha haloperidol, dawa ya magonjwa ya akili, 10 mg kwa sindano ya msuli, saa moja jioni. Bibi hakuridhika. Akapekua hadi cheti cha mapokezi kilichokunjwa nyuma ya faili: haloperidol 10 mg, saa nane mchana. Hakuna aliyekihamishia kwenye chati. Kijana ambaye hajawahi kuigusa dawa hiyo alikuwa amepata 20 mg ndani ya saa tano, bila benzhexol, dawa ya kuzuia mkazo huu, hata kidonge kimoja.

Haloperidol huzuia dopamini, moja ya kemikali zinazopeleka ujumbe kwenye ubongo. Dopamini ikizuiwa, kemikali nyingine, asetilikolini, hubaki bila wa kushindana nayo, na misuli ya shingo, macho, taya na ulimi hukaza yenyewe. Wanaume vijana ndio hupatwa zaidi, mara nyingi katika siku mbili za kwanza baada ya kuanza dawa au kuongezewa dozi. Metoclopramide, ile ya kuzuia kutapika, hufanya vilevile, ndiyo maana mkazo huu unaweza kukukuta hata wodi ya watoto.

Biperiden, dawa ya kundi la benzhexol, haikuwepo kabatini. Ilikuwepo promethazine, dawa ya mzio ambayo pia huzuia asetilikolini, ampuli za 25 mg kwa mililita. Bibi akachoma 50 mg kwenye msuli wa paja, akaniweka kando ya kitanda nihesabu pumzi na kufuta mate, kijana akiwa ubavu vilevile. Diazepam yangu nayo ingelegeza misuli, aliniambia, lakini ni ya kusukuma taratibu mno kwenye mshipa, na mimi kwa haraka niliyokuwa nayo ningemzimia pumzi.

Dakika kama 25 zikapita. Macho yakashuka kwanza, kisha ulimi ukarudi, shingo ikafuata. Neno lake la kwanza lilikuwa "maji".

Nilidhani kazi imeisha. Bibi akasema haloperidol hukaa mwilini kuliko promethazine, kwa hiyo mkazo unaweza kurudi kesho yake. Tukampigia daktari wa zamu. Akasitisha dozi ya asubuhi na kuandika benzhexol kwa siku chache, dozi ya mwisho ya kila siku isipite mchana kwa kuwa huondoa usingizi. Nikapewa pia vya kumwangalia kutokana na benzhexol yenyewe: mdomo kukauka, choo kigumu, mkojo kukwama. Kwa mzee ongeza kuchanganyikiwa.

Joto nililipima kila baada ya saa mbili hadi asubuhi. Mwili wote ukikakamaa kama bomba, joto likapanda, jasho likamtoka na fahamu zikaanza kuyumba, hilo ni dhara jingine kabisa la dawa hii: unasimamisha haloperidol na kumwita daktari papo hapo, wala usiongeze benzhexol, kwani inapunguza jasho na kuzidisha joto.

Mama hakutaka kusikia habari ya sindano tena, na sikumlaumu. "Mama, lile halikuwa jini," Bibi alimwambia. "Ni sindano yetu, tena tumempa mara mbili." Mama alinyamaza kitambo. Sijui nani mwingine pale wodini angelitamka hilo neno "yetu".

Kabla ya makabidhiano nilihamishia dozi ya mapokezi kwenye chati na kuandika tukio kwa kalamu nyekundu. Mama akaomba jina la dawa. Nikamwandikia HALOPERIDOL kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi, pamoja na tarehe. Akakikunja mara mbili, akakifunga kwenye pindo la khanga pamoja na nauli yake.