Jinsi nilivyofanya mifumo mitatu isomane bila kununua wa nne

Ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa wa mamilioni: nunueni mfumo wa nne utakaoiunganisha hii mitatu. Wa pili ulikuwa wa bure: fungueni grupu la WhatsApp, karani apige picha daftari, kila mtu ataona. Wote walionishauri ni watu wa kompyuta, na sidhani kama kuna aliyewahi kusimama mlangoni mwa ghala mwezi wa sita, alizeti ikishushwa na mikokoteni ya punda imepanga foleni hadi barabarani.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Ghalani, upande wa Kongwa, Dodoma, AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) inapima alizeti ya mkulima na kumpa stakabadhi. Kiwanda cha kukamua mafuta kinapokea lori na kulipima upya kwenye mizani ya daraja. Benki inapeleka fedha kwenye simu ya mkulima. Kila mmoja ana programu yake na kila mmoja anaapa kwamba yake ndiyo sahihi. Serikalini wana GovESB ya kusomanisha mifumo yao. Sisi tulikuwa na flashi, barua pepe, na bodaboda wa kuipeleka flashi.

Nilianza kwa kuwakalisha karani, mpokeaji wa kiwandani na mhasibu meza moja, siku nzima, tukaulizana kila safu ina maana gani. Kompyuta zilibaki kwenye mikoba. Neno "kilo" peke yake lilikula saa mbili. Karani anaandika uzito pamoja na gunia, kiwanda kinaandika alizeti tupu. Gunia la plastiki ni kama gramu 100, halina ugomvi. La katani linakaribia kilo nzima, kwa hiyo kwenye magunia 400 kuna kama kilo 400 ambazo kila upande unaamini mwenzake kala. Kuna na mizani. Ya ghalani inasoma hadi nusu kilo. Ya daraja inaruka kwa hatua za kilo 20. Lori linapimwa mara mbili, likiwa na mzigo na likiwa tupu, na kila kipimo kinaweza kupotoka kilo 10 kwa kukadiria tu. Kilo 20 zinapotea bila mwizi. Ongeza unyevu: alizeti iliyopokelewa mbichimbichi ikilala ghalani wiki mbili kwa jua la Dodoma, itafika kiwandani nyepesi.

Tukakubaliana safu tatu za uzito (jumla, wa gunia, halisi), safu moja ya unyevu siku ya kupima, na tofauti inayovumilika kwa kila lori, imeandikwa na kusainiwa. Isipozidi hapo, mzigo unapita wenyewe. Ikizidi, watu wanapigiana simu. Idadi ya magunia tuliiacha ya kuhakiki tu, maana palipo na lumbesa gunia si kipimo.

Sasa niseme kosa langu, na nililifanya kwa mikono yangu. Mhasibu alinipa orodha ya wanachama mia kadhaa yenye namba za NIDA, zile za kitambulisho cha taifa, faili la CSV (maandishi matupu yaliyogawanywa safu). Nikalibofya mara mbili, likafunguka kwenye Excel. Safu ya NIDA ikaonesha 1.98E+19 na ndugu zake, namba ndefu zimefupishwa. Mimi mjuaji nikabadilisha fomati iwe ya namba, zikatokea tarakimu zote 20 zimejipanga vizuri, nikaridhika, nikapanga majina kwa alfabeti, nikahifadhi. Nikatuma benki. Benki ikarudisha orodha nzima: hakuna hata mmoja anayelingana.

Nikakagua muunganisho. Nikakagua nenosiri. Nikawalaumu watu wa benki siku nzima, kwa heshima, lakini niliwalaumu. Aliyeiona shida ni katibu wa chama, mzee ambaye kompyuta anaiita "hilo dude". Aliangalia karatasi niliyochapa, akavua miwani. "Kijana wangu, hawa wote mwisho wao ni sifuri tano. Ni ukoo mmoja?"

Excel inashika tarakimu 15 za kwanza za namba yoyote. Zinazofuata inazifanya sifuri, kimya kimya. Namba ya NIDA ina 20, kwa hiyo tano za mwisho zilikuwa zimekufa. Jicho linadanganyika kwa sababu tarakimu 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, na hizo zilikuwa sahihi kabisa. Sifuri zikishahifadhiwa hakuna kitufe cha kuzirudisha nyuma. Niliomba faili upya kwa mhasibu na kunywa maji mengi.

Ujanja ninaoutumia tangu siku ile ni vistari. Namba iandikwe na vistari vyake baada ya tarakimu ya 8, ya 13 na ya 18. Excel ikiona vistari inaichukulia kama maandishi na kuiacha ilivyo, na mfumo unaopokea unaviondoa wenyewe. Namba za simu vilevile. Ukianza na 0, sifuri inaliwa. Ukianza na 255, zinakuwa tarakimu 12, na Excel ikihifadhi CSV inaandika kile kilichoonekana kwenye skrini, yaani 2.56E+11, kwa wanachama wote. Kuna wanaosema uifanye safu iwe ya maandishi. Sawa, ila lazima uliingize faili kupitia menyu ya Data kabla ya kulifungua, na karani mwenye foleni ya watu arobaini hatakumbuka. Kistari hakihitaji kukumbukwa.

Saa nazo zilikuwa na vituko vyake. Kijana wa mizani anaandika 2:45, akimaanisha saa mbili na dakika arobaini na tano asubuhi, kama tunavyosema sote. Mfumo wa kiwanda ukaisoma 02:45, usiku wa manane. Seva yenyewe ilikuwa imewekwa kwenye UTC, saa ya kimataifa, ambayo iko saa tatu nyuma ya kwetu, kwa hiyo ikaondoa tatu nyingine na mzigo ukaangukia jana yake, 23:45. Mpokeaji akanipigia: "Mtaalamu, ghala lenu linapima usiku siku hizi?" Malori yalikuwa yanaondoka kabla alizeti haijaletwa. Sasa karani haandiki saa kabisa. Kompyuta inaweka yenyewe, pamoja na +03:00 mwishoni ili seva isibuni, na kwenye stakabadhi ya karatasi inachapa "saa 2:45 asubuhi" ili mkulima aelewe.

Kuhusu njia ya kupitisha taarifa, nilisisitiziwa API, API, API, yaani programu ziongee zenyewe moja kwa moja. Sina ugomvi nayo, na msimu wa pili upande wa benki tuliuhamishia huko kwa kuwa walikuwa nayo tayari. Lakini intaneti ya ghalani inapotea umeme ukikatika, na wakati mwingine inapotea tu. Tulianza na faili la maandishi kupitia SFTP (njia salama ya kutuma faili), mara mbili kwa siku, saa 7 mchana na saa 12 jioni. Mstari mmoja wa upimaji ni kama baiti 120. Mistari 500 haifiki hata kilobaiti 70, ndogo kuliko picha moja ya daftari kwenye WhatsApp. Kifurushi cha bei ya chini kabisa kinatosha, na ukiweka ruta ya laini mbili za mitandao tofauti umemaliza.

Faili lina mambo manne ambayo siyaachi. Kitenganishi ni nukta-mkato, kwa sababu watu wetu wanaandika 1,250 na mkato huo utakupasulia safu mbili. Faili linapandishwa likiwa na jina la muda linaloishia .tmp, likishafika lote ndipo linabadilishwa jina kuwa .csv, mpokeaji anasoma .csv tu. Kabla ya hapo mfumo wa kiwanda ulikuwa unanyakua faili likiwa nusu njiani, unaingiza mistari mia moja na kitu, na kujipongeza. Mstari wa mwisho unataja idadi ya mistari na jumla ya kilo halisi; visipolingana, faili zima halisomwi. La nne ndilo ninalojivunia: kila faili lazima lijibiwe kwa faili, mstari kwa mstari, umepokelewa au umekataliwa, na sababu yake. Jibu lisipokuja ndani ya saa moja, karani anaona rangi nyekundu kwenye skrini. Mstari mmoja ukikataliwa, mingine inaendelea. Zamani gunia moja lenye namba ya simu yenye makosa lilizuia malipo ya kijiji kizima.

Jibu hilo lilikuja baada ya kisa cha malipo mara mbili. Programu ya ghalani ilikuwa inatuma, inasubiri sekunde 30, isipojibiwa inatuma tena. Jioni moja mtandao ulikuwa unasinzia: faili lilifika, jibu halikurudi, programu ikatuma tena, na tena. Wakulima kumi na kadhaa walilipwa mara tatu. Fedha ikishaingia kwenye simu ya mtu wakati wa mavuno, kuirudisha ni kazi ya wazee wa kijiji, mtu wa kompyuta kaa pembeni. Dawa yake ni namba ya stakabadhi isiyojirudia, yenye msimbo wa ghala, msimu na mfululizo, na inatolewa ghalani wakati wa kupima. Usiiruhusu itolewe wakati wa kutuma, maana kila utumaji utazaa namba mpya na hutakuwa umeponya kitu. Mpokeaji akiiona namba hiyo mara ya pili anajibu "ninayo tayari" na haongezi kilo. Tuma mara hamsini ukitaka. Mwishoni tuliongeza tarakimu moja ya kuhakiki, kwa sababu namba hizi husomwa kwa simu na watu hugeuza 47 kuwa 74.

Majina ya mahali ni jambo ambalo mtu wa nje hatalitarajia. Chukua Ng'humbi, au Ng'hong'onha ya pale Dodoma mjini. Ng'humbi niliikuta kwa tahajia tatu ndani ya faili moja. Programu ya kiwanda nayo ilikuwa inaunganisha maneno moja kwa moja kwenye swali la hifadhidata, kwa hiyo ile ritifaa (alama ya ') ilikuwa inalikata swali katikati na mstari unatupwa. Walidhani wakulima wa huko hawaleti alizeti. Aliyeiandika alitaka tuondoe ritifaa kwenye majina; nikamwambia atengeneze swali lake kwa vigezo kama inavyotakiwa, jina lipelekwe pembeni ya swali, majina ya watu ayaache. Kulinganisha mahali sasa tunatumia postikodi ya kata, tarakimu tano, za mkoa wetu zikianza na 41. Jina linabaki la kusomwa na binadamu.

Ritifaa hiyohiyo ilitukamua kwenye SMS za kuwajulisha wakulima. Ujumbe wa kawaida unabeba herufi 160. Ritifaa iliyonyooka haina shida, lakini ile iliyopinda, ambayo Word inaiweka yenyewe, haimo kwenye orodha ya herufi za kawaida za simu. Ikiingia moja tu, ujumbe mzima unashuka hadi herufi 70 na unahesabiwa kuwa mbili au tatu. Wa Ng'humbi walikuwa wanatugharimu mara mbili ya wa Kibaigwa. Mstari mmoja wa programu wa kubadilisha iliyopinda kuwa iliyonyooka ulimaliza.

Namba za simu tena, kidogo. Usikisie mtandao kwa kuangalia tarakimu za mwanzo. Tangu 2017 mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake, na malipo unayoyaelekeza kwa kubahatisha yatagonga mwamba. Muulize mtoa huduma, kisha linganisha jina lililosajiliwa na jina la kwenye daftari. Hapo utakutana na "Mama Neema" ambaye laini yake imesajiliwa kwa majina matatu ambayo chama hakijawahi kuyasikia. Hao tuliwaita ghalani na vitambulisho vyao, mmoja mmoja, kabla ya msimu.

Kiwanda kilitaka pia namba za NIDA, "ziwepo tu". Tulikataa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa zitumike kwa kusudi lililokusanyiwa, na kiwanda kununua alizeti hakihitaji kujua mkulima alizaliwa lini. Kinapata namba ya uanachama na kilo. Benki inapata NIDA kwa sababu inalipa.

Gharama? Ruta, UPS moja (betri ya kushikilia umeme ukikatika), laptop ya mtumba, na vocha. Haikufika bei ya kikao kimoja cha kutuuzia ule mfumo wa nne. Iliyokula fedha kweli ni nauli na chai za vile vikao vya "kilo ni nini".

Daftari kubwa bado lipo mezani pa karani, linaandikwa kila siku kwa kalamu ya bluu. Sijaliondoa na silitegemei. Jumamosi jioni katibu anajumlisha ukurasa wake kwa kikokotoo, mimi namsomea jumla ya kwenye mfumo, na zikitofautiana tunaanza na daftari.