Nilivyojifunza Kusoma Historia ya Gari Uingereza

Nilipoanza kazi ya kuwahudumia wazee majumbani hapa Leicester, niliambiwa waziwazi kuwa bila gari sitapata zamu za kutosha, kwa kuwa mzee wa kwanza huamshwa saa moja asubuhi na wa pili anaishi upande mwingine kabisa wa mji. Nilikuwa nimejiwekea pauni 2,800, fedha ambazo kwa bei za sasa humpatia mtu gari lenye miaka kumi na zaidi, lililokwisha kupita mikononi mwa watu wanne au watano.

Kwetu Tanga mtu akienda kutazama gari huongozana na fundi wake, ambaye hufungua boneti, akasikiliza injini, kisha akainama kukagua shokapu na bushi, maana barabara ndizo zinazoyamaliza magari yetu. Hapa adui ni chumvi. Wakati wa baridi barabara humwagiwa chumvi ili zisigande barafu, na chumvi hiyo huyala magari kwa chini, mahali ambapo mnunuzi aliyezoea jua la pwani hana desturi ya kupatazama.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba historia ya gari haifichwi. Karibu kila gari lililofikisha miaka mitatu hulazimika kupita ukaguzi wa kila mwaka uitwao MOT, na matokeo yake husomwa bure kwenye tovuti ya serikali na yeyote mwenye namba ya gari. Utaona tarehe, maili zilizosomwa siku hiyo, kasoro zilizoliangusha gari, na pia maangalizo, yaani kasoro ambazo hazijafikia kiwango cha kulinyima gari cheti lakini mkaguzi ameona vyema aziandike. Hayo maangalizo ndiyo ya kusoma kwa makini kuliko cheti chenyewe.

Gari la kwanza nililolipenda lilikuwa la rangi ya fedha, linang'aa, na muuzaji alinieleza kuwa mama yake alikuwa akilitumia kwenda kanisani tu. Nilikaa kituo cha basi nikaingiza namba yake kwenye simu. Mwaka 2019: mirija ya breki imeanza kuliwa na kutu. Mwaka 2020: maneno yaleyale. Mwaka 2021: maneno yaleyale, pamoja na kutu kwenye fremu ya chini. Mwaka 2022 liliangushwa, likarekebishwa, likapita siku mbili baadaye. Maili nazo zilikuwa zikipanda kama 12,000 kila mwaka. Kanisa la yule mama pengine liko Scotland. Nilipomsimulia mzee mmoja wa Mombasa mwenye gereji hapa mjini, alicheka. "Dada'ngu, hilo limepakwa poda. Siku nyingine nenda asubuhi, umwambie asiliwashe mpaka ufike, na uweke mkono juu ya boneti. Ukikuta ni ya moto, jiulize anaficha nini." Maana injini mbovu hulalamika inapowashwa ikiwa baridi, na muuzaji mjanja huipasha moto mapema.

Mzee huyo alinifumbua macho kwa jambo jingine, kwamba MOT haikagui hali ya injini, klachi wala gia, hivyo gari laweza kupata cheti leo na kufa kesho. Hapo ndipo inapokubidi ujue ugonjwa wa aina ya gari unalolitaka. Injini ya Ford EcoBoost ya lita 1.0, kwa mfano, ilitengenezwa na mkanda wa taimingi, ule unaozipangia sehemu za injini mwendo wake, unaozunguka ndani ya oili, na gari lisilobadilishwa oili inavyotakiwa, mkanda humomonyoka, vipande vikaziba njia ya oili, injini ikaharibika. Kwa gari la namna hiyo daftari la matengenezo lenye mihuri lina thamani kuliko rangi na redio. Nilikuwa nikiitamani pia Vauxhall Zafira kwa viti vyake saba, mpaka niliposoma kwamba zile za toleo la B zilirejeshwa kwa mtengenezaji mwaka 2015 kwa sababu ya moto uliokuwa ukianzia kwenye mfumo wa kupasha joto, kisha zikaitwa tena mwaka 2016 kwa kuwa marekebisho ya kwanza hayakutosha. Anayeuziwa gari hilo aulize kuhusu kazi zote mbili.

Kurejeshwa huko ni tofauti na matengenezo ya kawaida, kwa kuwa kosa ni la kiwandani na mtengenezaji hulirekebisha bila malipo, hata kama wewe ni mmiliki wa tano. Barua hutumwa kwa mtu aliyesajiliwa, na mtu huyo akiwa amehama au amepuuza, kasoro huuzwa pamoja na gari. Kinachotakiwa ni namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 17, ambayo huonekana chini ya kioo cha mbele au kwenye fremu ya mlango wa dereva. Haina kamwe herufi I, O wala Q, ili zisichanganywe na 1 na 0. Ukiiingiza kwenye tovuti ya mtengenezaji, utaambiwa kama kuna kazi ya usalama iliyobaki.

Gari nililolinunua hatimaye lilikuwa na kazi moja ya namna hiyo, mifuko ya hewa ya kumkinga mtu katika ajali, iliyotengenezwa na Takata, kampuni ya Kijapani. Vifaa vya kuijaza mifuko hiyo hutumia amonium naitreti, kemikali inayoharibika kwa miaka mingi ya joto na unyevu, na siku ya ajali kifaa huweza kulipuka na kumrushia mtu vipande vya chuma. Juni 2025 wenye Citroën C3 na DS3 nyingi hapa waliambiwa waache kuziendesha papo hapo kwa sababu hiyohiyo. Langu lilibadilishiwa kifaa hicho asubuhi moja, nikapewa risiti ya pauni sifuri.

Joto na unyevu. Nilipokuwa naiweka risiti ile kwenye faili nilimkumbuka kaka yangu Tanga, anayeendesha gari la mwaka 2005 lililoagizwa Japani. Nilimwomba anitumie picha ya namba ya chasisi. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana zile tarakimu 17, bali namba fupi inayoanza na herufi za modeli, lakini ukurasa wa Kijapani wa mtengenezaji uliipokea. Jibu lilisema kwamba mfuko wa upande wa abiria haujabadilishwa. Mama ndiye hukaa kiti hicho kila Ijumaa. Kaka amemhamishia nyuma huku akimtafuta wakala, na mama ananung'unika kwamba huko nyuma haoni barabara.